Sura ya Saba: Tabaka Lililokatika

Ijumaa hiyo Musili alitimiza siku ya kumi na moja katika seli za Machakos, na katika siku zote hizo hakuwa ametoa neno hata moja la kumsaidia. Jumatatu angefikishwa mahakamani kwa kosa la kumuua mkewe. Mtu aliye karibu kufikishwa kortini kwa kesi ya kunyongwa huwa analia, au anatukana, au angalau anasingizia jirani. Huyu alikuwa amekaa kwenye sakafu, viatu amevipanga vizuri kando yake, akamwamkia Inspekta Nthambi kama mtu aliyetembelewa nyumbani.

"Kamene alipotea Jumatano, tarehe kumi na moja Oktoba, mwaka wa elfu mbili," Nthambi alianza. "Ni hivyo?"

"Ni hivyo, madam. Niliamka nikakuta hayuko. Mtungi hauko, na mukwa wake hauko."

Mukwa ni ule mkanda wa ngozi ambao akina mama wa huko hupitisha kwenye paji la uso ili kubeba mtungi mgongoni. Nthambi aliandika.

"Ulimtafuta?"

"Hapana."

"Mke wako amepotea, mna mtoto wa miaka mitatu, na wewe unakaa tu?"

"Nilikaa."

"Kwa nini?"

Musili aliangalia viatu vyake. "Iko maneno mtu hawezi kusema mbele ya watu. Wewe andika vile unataka."

Nthambi alifunga daftari kwa hasira. Miaka kumi na saba kazini, na bado watu wanyamavu walimchosha kuliko waongo. Mwongo angalau humpa mpelelezi kitu cha kushika.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wiki mbili nyuma, wachimba mchanga walikuwa wakijaza lori katika mto Kilaani, upande wa Masii, ule mto unaotiririka wakati wa mvua tu na kubaki mchanga mtupu miezi mingine. Sululu iligonga mfupa. Palikuwa na mifupa ya mwanamke aliyejikunyata, mtungi wa plastiki ubavuni pake, na mukwa. Daktari alisema mifupa haina ufa wala alama ya panga, na hakuweza kusema amekufaje. Mama mmoja aitwaye Syokau alipoonyeshwa mukwa aliutambua papo hapo, kwani ngozi yake aliilainisha na kuishona mwenyewe kwa ajili ya bintiye Kamene alipoolewa. Hakulia. Alitoka hapo moja kwa moja hadi kituoni, akaandikisha kwamba mkwewe Musili ndiye muuaji.

Kabla ya hapo, kwa miaka minne, kijiji kizima kilikuwa kimekubaliana kwamba Kamene alitoroka na Isse, mfanyabiashara wa mbuzi. Lori la Isse liliondoka Masii alfajiri ileile, na wawili hao waliwahi kuonekana wakiongea sokoni. Isse alikuwa ameshahojiwa. "Nilipakia mbuzi arobaini," alimwambia Nthambi, "na mwanamke ambaye nilimuuliza bei ya mbuzi wake mmoja wameniozesha kwa mdomo miaka minne." Risiti za kichinjio cha Nairobi zilimuunga mkono. Isse akatoka, akabaki Musili.

Saa nne asubuhi Nthambi alikuwa mtoni pamoja na watu wawili. Mmoja alikuwa Bwana Aloys wa ofisi ya maji ya wilaya, kijana msomi mwenye futi ya chuma kiunoni. Wa pili alikuwa Kitheka, fundi mwashi wa miaka sitini na kitu, ambaye ndiye aliyejenga ukuta uliokingama mto pale.

Ukuta huo ni wa kuzuia mchanga. Mafuriko huja na mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hujificha ndani ya mchanga, jua lisiyapate. Kiangazi kikija, akina mama huchimba mashimo na kuteka. Ukuta haujengwi wote kwa mara moja. Hupandishwa awamu kwa awamu, kila awamu ikingoja ile ya chini ijae. Kitheka alikuwa ameandika tarehe ya kila awamu kwa msumari kwenye saruji mbichi, kwa mwandiko mbaya sana.

Wachimba mchanga walikuwa wameukata mchanga huo wima, kuanzia juu hadi chini, kina cha kumzidi mtu mrefu. Nthambi alisimama mbele yake na kuona mistari. Changarawe, mchanga mnene, mchanga laini, kisha utando mwembamba wa tope la kahawia, halafu changarawe tena.

"Kila msimu wa mvua unaacha tabaka moja," Aloys alieleza. "Maji yakija na nguvu yanaleta changarawe. Yakipungua yanaleta mchanga laini, na mwisho tope. Ukiona tope, hapo msimu umeisha. La chini ni la zamani, la juu ni jipya."

"Na hili nene lenye mawe?"

"El Nino. Tisini na saba. Hata magogo yalikuja." Aloys aliigusisha futi kwenye tabaka lililozidi urefu wa mkono, limejaa mawe makubwa kama vichwa. Kisha akashuka hadi kwenye shimo dogo ambamo mifupa ilitolewa, akapima na kuinuka akitabasamu. "Inspekta, kazi yako imeisha. Mifupa ilikuwa sentimita sitini chini ya El Nino. Huyu mtu alifukiwa kabla ya tisini na saba. Kamene alipotea elfu mbili. Huyu si Kamene."

Kwa dakika moja Nthambi alifurahi. Kama si Kamene, Musili angetoka leo hii. Lakini mukwa ulikuwa wa Kamene, na mama hasahau mshono wa mkono wake. Alimgeukia yule fundi, ambaye muda wote alikuwa amenyamaza, mikono nyuma.

"Fundi, wewe unaonaje?"

"Injinia amesoma."

"Nimekuuliza wewe."

Kitheka alikohoa. "Injinia amepima kwenda chini. Hajaangalia kando."

Aliwavuta hatua mbili nyuma na kuonyesha kwa kidole. Tabaka la mawe la El Nino lilitoka kushoto, likanyooka vizuri, halafu juu ya pale penye mifupa likakoma ghafla. Mita moja na nusu mbele likaendelea tena. Katikati hapakuwa na mawe. Palikuwa na mchanga wa kila aina umechanganyika. Kuta za shimo zilionekana waziwazi, zikishuka kutoka juu na kupita katikati ya mawe hadi kwenye mifupa.

"Shimo la maji," Nthambi alisema.

"Shimo la maji. Ukichimba kutoka juu, unaweza kulala chini ya El Nino hata leo."

Aloys alikunja futi yake polepole. Alikuwa mtu wa haki na hakubishana. "Basi kina si hoja," alisema. "Tunatafuta lilichimbwa kuanzia tabaka gani, na tabaka gani la kwanza limepita juu yake bila kukatika."

Walipanda kwa ngazi ya wachimbaji. Juu ya El Nino palikuwa na matabaka matatu, membamba ya kusikitisha, ya ile miaka ambayo mvua ilikuwa ikichungulia tu na kurudi. Yote yalikuwa yamekatwa na shimo. Juu yake lilipita tabaka zito la mchanga mwekundu, zima, kutoka ukingo hadi ukingo, limelifunika shimo kama blanketi.

"Hili ni la lini, fundi?"

Kitheka alikwangua kwa ukucha juu ya tabaka lile jekundu na kutoa kipande cha kijivu, kigumu. Akakitia kwenye kiganja cha Nthambi. Kulikuwa na vingine vingi vimetawanyika kwenye mstari uleule.

"Saruji yangu. Nilipopandisha awamu ya tatu ilidondoka hapa. Februari elfu mbili na moja, tarehe iko kwa ukuta. Kwa hivyo huu mchanga ulikuja kabla ya hapo, mvua ya Novemba elfu mbili. Mvua ya Machi mwaka huo haikunyesha kabisa. Tulikula msaada."

Nthambi alihesabu. Shimo lilichimbwa katika kiangazi cha mwaka wa elfu mbili, na likafungwa kabla ya Novemba. Kamene alipotea Oktoba. Ilikuwa ni Kamene, hakuna lingine. Na ule mchanga uliochanganyika haukuletwa na maji, kwa sababu maji hupanga kila kitu mahali pake. Uliletwa na koleo.

"Amefukiwa," alisema Aloys kwa sauti ya chini.

Amefukiwa. Nthambi alimwona akilini Musili amekaa na viatu vyake vilivyopangwa. Hakutaka iwe yeye. Mpelelezi hana ruhusa ya kutaka, lakini yeye alikuwa ametaka, na sasa mchanga wenyewe ulikuwa umeshuhudia kinyume.

Kwa sababu hiyo hakuondoka. Alishuka tena chini, akapiga magoti, akaanza kulisoma shimo kuanzia mifupa kwenda juu badala ya juu kwenda chini. Na hapo akaona jambo ambalo koleo lisingeweza kulifanya. Mchanga uliokuwa umeizunguka mifupa haukuchanganyika. Ulikuwa na mistari yake kamili, tope, mchanga laini, changarawe, hata mawe mawili ya El Nino, isipokuwa mistari hiyo ilikuwa imeinama, kana kwamba upande mmoja wa shimo ulikaa chini kwa pamoja. Upande huohuo, chini kabisa, palikuwa na pango lililofukuliwa kuingia ndani, na humo kopo la kutekea lilikuwa bado limekwama, mdomo ukiangalia kule maji yalikokuwa.

"Fundi, njoo uone hapa."

Kitheka alitazama kwa muda mrefu. "Maji yalikuwa yamerudi nyuma. Amefuata maji kwa kopo, akafukua chini ya ukuta wa shimo. Ukuta umekosa miguu." Akapangusa uso. "Ilikuwa ni sheria yetu, shimo likipita kimo cha mtu, wateke wawili na lipanuliwe kama ngazi. Lakini foleni ilikuwa ndefu. Mitungi ililala hapa. Mwenye haraka alikuja peke yake kabla hakujapambazuka."

"Kwa hivyo ameangukiwa. Na koleo limekuja baadaye. Baadaye kiasi gani?"

Kwa kisu cha mfukoni Nthambi alisafisha mahali ambapo mchanga ulioporomoka ulikutana na ule uliochanganyika. Kati yake palikuwa na utando wa vumbi, unene wa ukucha, na ndani ya vumbi punje kavu za mavi ya mbuzi. Mbuzi walishuka kulamba unyevu.

"Vumbi la siku mbili, tatu," Kitheka alisema. "Upepo wa Oktoba ni mwingi."

Nthambi alisimama. Mtu anayeficha maiti haachi shimo wazi kwa mbuzi kwa siku tatu. Angelijaza asubuhi ileile, kabla jirani hajapita. Aliyelijaza shimo hili hakuwa na haraka, wala hakuwa na la kuficha. Hakujua.

"Ni nani alijaza hili shimo, fundi?"

Kitheka aligeuka akautazama ukuta wake.

"Ni mimi nilitoa hiyo amri," alisema hatimaye. "Mashimo yaliyo karibu na ukuta lazima yafungwe kabla ya mvua, na yashindiliwe. La sivyo mafuriko yanazunguka humo na kula msingi. Kila mwaka. Kikundi kizima. Mengine uliza mwenyekiti wetu."

"Mwenyekiti ni nani?"

"Ni Syokau."

Boma la Syokau lilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Nthambi alimwacha Aloys mtoni achore mchoro wa tabaka kwa ajili ya mahakama, akaenda peke yake kwa miguu. Alitembea polepole kuliko ilivyohitajika.

Mama huyo alikuwa uani akipepeta mbaazi. Alikuwa mwembamba, mnyoofu, na kitambaa chake cha kichwa kilifungwa kwa nguvu. Ndani ya nyumba sauti ya msichana mdogo ilikuwa ikisoma kitabu cha shule, neno moja moja. Alikuwa mtoto wa Kamene.

"Mwaitu, habari ya hapa," Nthambi alimsalimu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Nzuri, mwanangu. Keti. Umekuja kuniambia ni Jumatatu?"

"Nimekuja kukuuliza kitu cha kikundi. Mnaweka orodha ya kazi zenu?"

Syokau alikaribia kutabasamu. Kikundi chake cha mwethya, cha kusaidiana kazi, kilikuwa fahari yake, na wageni kutoka ofisi za Nairobi walikuwa wamekisifu kwa mpangilio. Aliingia ndani akatoka na daftari lililojalidiwa kwa karatasi ya khaki.

"Kila kazi, na kila jina. Uliza mwaka."

"Elfu mbili. Oktoba."

Kidole cha mama kilishuka kwenye ukurasa. "Jumamosi, tarehe kumi na nne. Kufunga mashimo na kushindilia. Tulikuwa watu thelathini na wawili. Ambao hawakufika ni watatu." Kidole kikasimama. "Mmoja ni yeye. Nimeandika hayuko. Alikuwa ametoroka siku tatu, hivyo ndivyo tulifikiri. Na kumbe huyo mnyama alikuwa ameshamuua."

Nthambi alikuwa amezoea kuwaambia watu nani amewaua watoto wao. Ni habari mbaya, lakini ina mahali pa kuwekea hasira. Leo hakuwa na mtu wa kumpa mama huyu. Aliketi kwenye kigoda, karibu naye, akaongea taratibu, akimweleza kila tabaka kama lilivyo. Ukuta wa mchanga ulioinama. Kopo lililokwama. Vumbi la siku tatu na mbuzi. Kisha koleo.

Syokau alisikiliza bila kusogea. Ungo ulikuwa bado mapajani.

"Musili hakufanya kitu," Nthambi alimalizia. "Hakuna mtu alifanya kitu."

"Lilikuwa shimo gani?"

"La tatu kutoka ukutani, upande wa mlima."

Mama alifumba macho. "Hilo. Hilo tulilikuta limejijaza nusu. Watu walikuwa wamechoka, wamekula uji tu. Nikawaambia Mungu ametusaidia, hapa kazi ni kidogo."

Kisha akayafumbua, akamgeukia Nthambi.

"Alikuwa bado na pumzi?"

"Hapana, mwaitu. Alikuwa amekufa tangu Jumatano. Mchanga mzito kiasi hicho haumpi mtu hata dakika chache."

"Na tungemtafuta Jumatano?"

"Mngepata mwili."

"Lakini tungempata." Alisema hivyo kwa utulivu. "Musili alitaka kwenda. Alikuja hapa uani, akasimama mbali kama mkwe anavyosimama, akasema niite watu wamtafute. Nikamwambia mwanangu ameniaibisha, ameacha mtoto, amefuata wenye mbuzi, na atakayemtafuta asikanyage kwangu tena. Hajakwambia?"

"Hajasema."

"Hawezi kusema. Mkwe hamtaji mama mkwe kwa ubaya, hata akinyongwa." Alitupia macho mlangoni, kulikokuwa na mtoto. "Nimemweka ndani siku kumi na moja."

"Atatoka leo. Nitaandika mwenyewe."

"Nitakuja naye nyumbani. Nitamwambia mwenyewe." Alitaka kuinuka, akasahau ungo mapajani, na mbaazi zikamwagika. Nthambi alimshika mkono. Ulikuwa mkono wa kazi, mgumu, na ulikuwa baridi.

"Ulijua tunavyoshindilia?" Syokau aliuliza. "Koleo hazitoshi. Mwisho wake wanawake wanaingia juu ya shimo, wanakanyaga kwa miguu, pamoja, kwa wimbo, mpaka mchanga uwe mgumu. Lazima mmoja aongoze. Kamene ndiye alikuwa akituongoza, na wimbo wenyewe aliutunga yeye. Siku hiyo akina mama wakasema tuache, mwenye wimbo hayuko. Mimi nikakataa. Nilitaka waone sijavunjika."

Ndani, msichana alikuwa amefika mwisho wa ukurasa na kuanza mwingine.

"Nikapanda juu," alisema, "nikauongoza mimi."